Kuchagua maua ya kuchangamsha nyumba majira ya baridi Uingereza

Habari zenu, ndugu zangu, karibuni nyumbani kwangu hapa London. Ni mwezi wa Desemba, saa kumi kasoro jioni, na huko nje tayari giza linaingia. Leo jua lenyewe limechomoza saa mbili asubuhi. Sisi tuliolelewa na mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, giza hili linatuelemea sana. Ndiyo maana leo nataka tuchague pamoja mimea ya kuchanua wakati huu huu, ndani na pale mlangoni.

Kabla hujaenda dukani, tazama dirisha lako. Watu wengi hudhani mmea wa ndani unakufa kwa baridi. Mara nyingi unakufa kwa kukosa mwanga, halafu sisi kwa huruma tunauzidishia maji. Fanya hivi: mchana, zima taa, shika kitabu pale unapotaka kuweka chungu. Ukisoma kwa taabu, hapo si mahali pa maua. Dirisha la upande wa kusini ndilo bora msimu huu, maana jua la hapa linapita chini chini upande huo, na halina ukali wa kuunguza majani.

Sasa sogea uone chaguo langu la kwanza. Majani yana vinyweleo laini kama mahameli, maua ni ya zambarau, na katikati kuna vidoto vya manjano. Dukani limeandikwa African violet. Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen, na hilo ndilo jina linalosema asili yake: milima ya Usambara, Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani kule Tanga, alimpelekea baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa mmea jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Mimi ni mtu wa Muheza, huko huko Tanga, lakini ua hili nilikuja kuliona kwa mara ya kwanza huku, kwenye rafu ya supamaketi, limefungwa nailoni. Nilisimama pale muda mrefu. Kule kwao msituni linazidi kuadimika kadiri miti inavyokatwa.

Tazama ninavyolinywesha. Simwagi maji juu. Maji baridi ya bomba yakidondokea jani yanaacha mabaka ya manjano yasiyotoka tena. Mmea wangu wa kwanza uliharibika hivyo. Weka maji ya uvuguvugu kwenye sahani, kalisha chungu humo, subiri dakika 20 hadi 30. Udongo wa juu ukishalowa, mwaga yaliyobaki. Usirudie mpaka ukigusa kwa kidole usikie pakavu. Na usiku ukivuta pazia, uingize mmea upande wa chumbani, usiuache umeegemea kioo cha baridi.

Kwa kona yenye mwanga hafifu, chukua mmea uitwao Zamioculcas. Hauna maua ya kupendeza, ila majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nao ni wa Afrika Mashariki, na chini una viazi vinavyotunza maji, kwa hiyo winta hii mara moja kwa mwezi inatosha.

Ukitaka ua kubwa la mezani, nunua tunguu la amarilisi, yaani lile shina lake la chini lenye umbo la kitunguu. Chungu kiwe kikubwa kidogo tu kuliko tunguu, na sehemu yake ya juu ibaki nje ya udongo. Baada ya wiki sita hadi nane utapata maua mapana kama kiganja. Kama kuna mtoto mdogo au paka, weka mbali, maana tunguu lake lina sumu.

Twende mlangoni. Hapa soma kibandiko vizuri! Saiklameni ziko za aina mbili. Cyclamen persicum, yenye maua makubwa, ni ya ndani, na usiku mmoja wa jalidi, yaani baridi ya kugandisha, unaimaliza. Ya nje ni Cyclamen coum, ndogo, inayochanua hata theluji ikiwa chini. Ipande pamoja na Helleborus niger, yenye maua meupe. Chungu kiwe na matundu na ukiinue juu ya vipande vya matofali, maji yasituame na kugandisha mizizi.

Nyuma yake nimepanda kichaka kiitwacho Cornus. Majani yamepukutika yote, na sasa vijiti vyake ni vyekundu kama pilipili iliyoiva. Ununue wakati huu, uone rangi kwa macho yako. Vijiti vipya ndivyo vyekundu zaidi, kwa hiyo mmea ukishashika mizizi vizuri, kila Machi unaukata karibu na ardhi. Wangu umefikia umri huo. Machi tutaukata pamoja, niwaoneshe pa kupitisha mkasi.