Kirusi kile kile, mlango tofauti

Ndugu wasikilizaji, mlipuko wa korona ukizuka wodini, swali la kwanza huwa hili: nani kamwambukiza nani? Wengi hudhani maabara ikishasoma vinasaba vya kirusi, jina la mhusika litatoka kwenye karatasi. Halitoki hivyo.

Kirusi cha korona kina herufi za vinasaba zipatazo 30,000. Kikipita kutoka mtu hadi mtu hubadilika taratibu, kwa wastani herufi mbili hivi kwa mwezi. Sasa chukueni wagonjwa wawili wa vitanda vinavyopakana, mmoja kaanza kukohoa Jumatatu, mwingine Alhamisi. Sampuli zao zikitofautiana kwa herufi 12, nasema bila kusita: hawakuambukizana. Nasaba za virusi hivyo ziliachana yapata miezi mitatu nyuma, na kila kimoja kiliingia kwa mlango wake. Muuguzi aliyewahudumia wote wawili, ambaye tayari ananyooshewa kidole, hakukibeba kirusi kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Na zikifanana herufi kwa herufi? Hapo ndipo watu huteleza. Maambukizi hupita ndani ya siku chache, mara nyingi kabla kirusi hakijabadilika hata herufi moja. Huenda mmoja alimwambukiza mwenzake. Huenda wote wawili walikipata kwa mtu wa tatu ambaye hakupimwa. Vinasaba hukanusha vizuri kuliko vinavyothibitisha.

Ndiyo maana nang'ang'ania fomu ya sampuli: tarehe dalili zilipoanza, wodi, kitanda. Bila hayo, hata usomaji safi kabisa hautuambii mengi. Tena sampuli yenye virusi vichache mno husomeka kwa mapengo, nasi penye pengo huandika herufi N. Tafadhali, msihesabu safu ya N kuwa ni kufanana.

Lawama hizi hufika hata kwa mataifa, na jambo hilo linaniuma. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walipoitambua Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona wakati huo, na kuitangaza haraka, nchi zao zikafungiwa safari ndani ya siku chache, ingawa mahali kirusi kinapoonekana kwanza si lazima ndipo kilipoanzia. Waliadhibiwa kwa kutazama vizuri.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa maabara: majibu yarudi wodini ndani ya siku chache, mgonjwa angali kitandani na bado inawezekana kumhamisha.