Mfalme Haguswi Mapema

Asanteni. Hii niliyoshika ni fimbo ya mti, urefu sentimita 30, unene kama mpini wa jembe. Zinatakiwa sita. Ongeza vigogo kumi, vya mbao nasema, wale wengine tuwaache na siasa zao, na kimoja kirefu chenye taji anayeitwa mfalme. Basi, umepata kubb, mchezo wa watu wa kisiwa cha Gotland, Sweden, wanaoucheza kiangazi kwenye nyasi.

Uwanja ni mita 5 kwa 8. Kila upande una vigogo vitano mstari wa nyuma, na mfalme yuko katikati peke yake. Kazi ni kurusha fimbo kuangusha vigogo vya upande wa pili: mkono unatokea chini, fimbo inapiga sarakasi hewani. Kuizungusha kama pangaboi ni marufuku.

Sasa nisikilizeni, utamu uko hapa. Mkiangusha vigogo vyetu viwili, sisi tunaviokota na kuvirusha nusu yenu ya uwanja, nanyi mnavisimamisha pale vilipoangukia. Hatuna ruhusa ya kulenga vigogo vyenu vya nyuma mpaka hivyo viwili vilale kwanza. Ndiyo maana stadi havitawanyi: anavirusha visongamane, ili fimbo moja ikumbe vyote. Vikitushinda je? Zamu yenu mnasogea mbele, mpaka usawa wa kile kilicho karibu zaidi na mfalme, mnarushia hapo. Kwa hiyo aliyekuwa nyuma anaweza kupindua meza kwa zamu moja tu.

Na mfalme? Ni wa kuangushwa mwisho, baada ya vigogo. Fimbo ikimgusa akaanguka kabla ya wakati, hata iwe imeteleza mkononi, hata mlikuwa mnaongoza, mmekwisha papo hapo.

Mtaambiwa Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, waliucheza kwa mafuvu ya maadui zao. Ni maneno ya kuuzia bidhaa, ushahidi hakuna. Kinachojulikana ni kwamba mashindano ya dunia yalianza 1995 huko Rone, Gotland kwenyewe, na ng'ambo ya bahari mji wa Eau Claire, Wisconsin, unajiita makao makuu ya kubb ya Amerika Kaskazini.

Haya, tutoke nje. Watu watatu kila upande. Mtakaokaa karibu na vigogo, chungeni miundi: fimbo ikidunda haichagui.