Jinsi ya kuuliza swali la ukoo mpaka watu wakujibu

Haya jamani karibuni tena, leo tunaandika swali, moja tu. Lile swali la kumtafuta babu wa babu yako, unalituma kwa watu wanaochimba nasaba kama wewe au kwa yule ndugu wa mbali uliyeambiwa ana makaratasi ya zamani, halafu wiki tatu zinapita kimya. Mara nyingi sio kwamba wamekususa, ni swali lenyewe halijibiki.

Cheki hili hapa kwenye skrini: "Naomba habari zote za ukoo wa Mvuvi, asanteni." Hili niliandika mimi mwenyewe wakati naanza (jina nimebadilisha) na nilinuna kweli watu walivyokaa kimya. Sasa wewe ungenijibu nini? Mvuvi yupi, wa wapi, wa lini? Na hizo habari zote ndo ngapi, maana ukirudi nyuma vizazi kumi tu, kizazi kile cha kumi peke yake kina nafasi 1,024 za mababu na mabibi.

Kwahiyo hatua ya kwanza chagua mtu mmoja, na jambo moja unalotaka kulijua kwake. Wazazi wake kina nani, basi. Au alizikwa wapi, basi.

Ya pili, kichwa cha meseji. Usiandike "msaada tafadhali", hapo kila mtu anatafuta msaada. Andika jina, mahali, miaka, angalia ninavyoandika: MVUVI, Yohana, halafu kijiji, wilaya, nchi, halafu 1870 mpaka 1915. Jina la ukoo linakaa kwa herufi kubwa, ndo mazoea ya watu wa nasaba na yana faida, kwasababu ukiandika "Yohana mvuvi" mtu atadhani unamtajia kazi yake, ukiandika MVUVI hakuna ubishi hilo ni jina. Ila ni jina tu jamani, meseji nzima ikiwa kwa herufi kubwa unaonekana unagombana. Na mwanamke muandike kwa jina la kwao, la kabla hajaolewa, kama hulijui weka alama ya kuuliza, usimvalishe jina la mume watu wakaenda kumtafuta kwenye familia siyo.

Ya tatu tarehe, hapa tutakaa kidogo. 03/04/1921 ni lini? Wewe unasema tarehe tatu Aprili, Mmarekani anasoma Machi 4, na wote mko sahihi. Andika 3 Aprili 1921, mwezi kwa maneno na mwaka tarakimu zote nne. Huna uhakika? Andika "kama 1890" au "kabla ya 1915", hakuna aibu hapo, ni bora mara mia kuliko tarehe ya kubuni, maana ile ya kubuni ikishakopiwa kwenye miti ya ukoo ya watu kumi inageuka ukweli na huitoi tena. Halafu kuna mtego huu, ukifika kwenye madaftari ya Uingereza ya kabla ya 1752 (ukiacha Scotland, wao walishabadili tangu 1600) mwaka wao ulikuwa unaanza 25 Machi, kwahiyo mtoto aliyebatizwa Februari 1740 kwenye daftari, kwa hesabu yetu ni Februari 1741. Ndo maana unaona watafiti wanaandika 1740/41. Nakili kama ilivyo, usiisahihishe kimyakimya.

Ya nne, sema umeshapata nini na umekipata wapi. "Alizaliwa kama 1890, nimeona kwenye cheti cha ndoa" ni tofauti kabisa na "bibi alisema". Bibi sio muongo, ila msomaji anataka kujua uzito wa maneno. Na weka spelingi zote za jina ulizokutana nazo, makarani waliandika walichosikia, mtu mmoja unaweza kumkuta kaandikwa namna tatu.

Ya tano, naomba unisikilize vizuri, walio hai waache nje. Mimi nilishawahi kubandika mti mzima, na shangazi yangu yumo, tarehe yake ya kuzaliwa na jina la ukoo la mama yake kabla hajaolewa. Akanipigia simu hana hata salamu, "mwanangu, hayo si ndo maswali wanayoniuliza benki?" Nilikosa pa kujificha. Siku hizi mtu akiwa hai naandika neno moja tu, "hai", siweki jina, siweki mwaka, na kama sijui alishafariki na inawezekana hajafika miaka mia, namhesabu yuko hai. Serikali zenyewe zinasubiri, Marekani wanakaa na majina ya sensa miaka 72 ndo wanayafungua, ya 1950 ilitoka 2022.

Na majibu ya DNA yakikuonyesha fulani baba yake sio yule aliyemlea, usilimwage mbele ya watu. Mtafute mhusika pembeni, taratibu, muulize kwanza kama anataka kujua.

Ukishajibiwa, usiichukue picha ya mtu au skani yake ukaisambaza bila kumuomba, na ukiona kakosea usimwambie "umekosea", mwoneshe karatasi yenyewe. Halafu hata kama Yohana wake sio Yohana wako rudi umwambie, "nimecheki, siye, wangu alikuwa na ndugu pacha", maana huyo anayejibu amekaa usiku anapekua madaftari kwa ajili yako, na mwingine atakayekuja kumtafuta Yohana huyohuyo atajua mlango huo ulishagongwa.