Samaki Wanakufa Kwenye Vizimba? Pima Maji Kabla ya Kununua Dawa

Karibu tena, ndugu mfugaji. Leo tuko juu ya vizimba ziwani. Samaki wakianza kufa, wengi hukimbilia dawa. Ngoja kwanza.

Hatua ya kwanza, pima oksijeni alfajiri, kabla jua halijachomoza, maana ndipo huwa chini kabisa. Shusha kipimo mpaka karibu na kitako cha wavu, usipime juu tu. Ukisoma miligramu 5 kwa lita au zaidi, vizuri. Chini ya 3, acha kulisha, kwani samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi. Kwenye ziwa kubwa, upepo mkali huweza kuyapandisha maji ya kilindini yasiyo na hewa, kizimba kizima kikafa usiku mmoja. Utajua vipi? Wamekufa wengi kwa mpigo, na hata samaki wa ziwani nje ya wavu wanaelea. Hapo hakuna cha kutibu. Ugonjwa mara nyingi huanza na vifo vichache, kisha vikaongezeka siku hadi siku.

Hatua ya pili, chota samaki mgonjwa ambaye bado yu hai. Aliyeoza hasemi kitu. Funua matamvua, yawe mekundu. Macho yaliyotokeza na kuogelea kwa kuzunguka huashiria bakteria wa streptokoka, hasa maji yakiwa na joto. Utando kama pamba ni ukungu, nao hupenda kuota palipochubuka, kwa hiyo jiulize mnawashikaje samaki wenu. Lakini usijifanye daktari: virusi vya TiLV vinavyoshambulia sato na perege, vilivyotambuliwa mwaka 2014, navyo huleta vidonda na macho mabovu, na havina dawa. Weka samaki kwenye mfuko, mfuko juu ya barafu, usigandishe, na ufike maabara siku hiyohiyo.

Antibayotiki bila cheti cha daktari wa mifugo, hapana. Mgonjwa hali chakula, basi dawa iliyochanganywa kwenye chakula inaishia ziwani.

Hatua ya tatu, toa mizoga kila siku, uifukie mbali na maji. Wavu wa kuchotea wa kizimba chenye wagonjwa usiingie kingine. Uoshe, uuanike juani ukauke kabisa. Na ukizunguka kulisha, kizimba hicho chenye wagonjwa kiwe cha mwisho.