Baa Iliyoanza Kama Nyumba ya Mkulima

Ndugu zangu, leo tunazungumzia baa. Msiokunywa msiondoke, shughuli yetu ni paa na kuta.

Baa yenyewe ni Fleece Inn, katika kijiji cha Bretforton, kaunti ya Worcestershire, Uingereza. Ilijengwa karne ya 15 iwe nyumba ya mkulima, watu na mifugo chini ya paa moja. Pombe iliingia kwa leseni mwaka 1848, na nyumba ikabaki kwenye ukoo uleule hadi 1977, Lola Taplin alipofariki na kuiachia National Trust, shirika linalohifadhi majengo ya kale. Inasimuliwa kuwa aliusia krisps, vile vipande vyembamba vya viazi vya kukaanga, zisiuzwe humo kamwe. Mimi namuunga mkono. Ukali huohuo ndio uliofanya vyumba vibaki vyumba, pasitokee mtu wa kubomoa kuta apate ukumbi mpana.

Kuta za namna hii mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa: fito zilizosukwa katikati ya nguzo, zikakandikwa udongo wenye samadi na majani makavu. Tofauti iko kwenye mifupa. Mafundi wa enzi hizo walichonga mwaloni ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka patasi inagoma. Ulimi wa boriti uliingizwa kwenye tundu la nguzo, ukafungwa kwa kigingi cha mti. Baada ya hapo mti ulikaukia palepale, ukajipinda. Kwa hiyo ukiona pembe imekaa upande, usimlaumu fundi.

Paa la Fleece ni la mabua. Kuezeka kwa mabua ya ngano au matete kunadai mwinamo mkali, nyuzi 45 au zaidi. Maji huteremka bua hadi bua, yakilowesha sentimita chache za juu tu. Chini yake ni pakavu. Kwa desturi ukingoni hapawekwi mifereji, hivyo upenu unatokezwa mbele ili maji yadondoke mbali na udongo wa ukuta. Paa likichakaa, mara nyingi fundi huondoa tabaka bovu la juu na kulaza jipya juu ya yale ya zamani.

Hapo ndipo palipo na hatari. Kila tabaka linaponyanyua paa, dohani inazidi kuwa fupi, na mdomo wake unayakaribia mabua.

Katika meko ya Fleece kuna duara nyeupe, zilizochorwa sakafuni kuzuia wachawi wasishuke kwa njia ya dohani. Wenyeji walilinda kinachoshuka. Mwaka 2004 cheche ilipanda na dohani hiyohiyo, ikatua kwenye mabua, na moto ukala paa. Ukarabati ulichukua zaidi ya mwaka, baa ikafunguliwa tena 2005.

Sasa naomba tuangalie mchoro wa mkato, unaoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa katikati, tuanzie hapo dohani inapopenya paa.