Kibaraza Chini ya Mparachichi: Anza na Mizizi

DADA: Karibuni. Leo tunaongea na yeyote wa Uyole, Tukuyu au Mafinga mwenye mparachichi mkubwa nyuma ya nyumba, anataka pawe pa kukaa jioni. Fundi akifika tu, anapiga hesabu ya zege.

KAKA: Na zege ndilo linaloua mti, dada. Mizizi laini inayonyonya, mingi iko kwenye sentimita 30 za juu. Ukishindilia moramu na kumwaga zege, hewa haipiti. Maji ya mvua yakituama, ugonjwa wa kuoza mizizi unaingia. Ncha za matawi zinaweza kuanza kukauka baada ya msimu mzima, na mwenye nyumba analaumu wadudu.

DADA: Nitajuaje mwisho wa eneo la kulinda?

KAKA: Zungusha futikamba kwenye shina usawa wa kifua, zidisha kwa nne. Mzunguko wa mita 1.5 unakupa mita 6 kila upande. Humo usichimbe msingi, usijaze udongo, na kirikuu cha matofali kishushie nje.

DADA: Mita 6! Kwa viwanja vyetu vya mjini hapo umeshafika ukutani kwa jirani.

KAKA: Basi inua sakafu ya mbao. Nguzo moja kila mita 1.8, mashimo ya kuchimba kwa mkono. Ukikuta mzizi unaozidi sentimita 5, sogeza shimo, mzizi uache. Juu ya nguzo weka boriti, kisha mbao za mbili kwa sita zikiachana sentimita 40, halafu mbao za kukanyagia. Kati ya ubao na ubao acha unene wa msumari wa inchi nne, maji yapite.

DADA: Paini ya Mufindi inafaa?

KAKA: Iliyotiwa dawa, ndiyo. Omba wakate kipande mbele yako. Kijani kikiishia juu juu tu, achana nayo. Na ncha uliyoikata mwenyewe isiingie ardhini, mchwa wataanzia hapo.

DADA: Kwenye shina je? Wengine wanapigilia boriti humo humo.

KAKA: Hapana! Mti unayumba na unanenepa. Acha uwazi wa sentimita 15 kuzunguka shina, na uupanue kadiri linavyokua.

DADA: Viti viwe upande gani? Maana Juni hapa Mbeya kivuli ni adhabu.

KAKA: Kaskazini mwa mti. Juni na Julai jua la mchana linapita kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli kinaangukia kusini; mti wa mita 10 unatupa kivuli cha mita 6 hivi. Desemba jua linahamia kusini, kivuli kinarudi kwenye viti vyako.

DADA: Jiko la nyama choma?

KAKA: Nje ya matawi kabisa, moto unababua majani.

DADA: Na parachichi likimdondokea mgeni kichwani?

KAKA: Yaliyo juu ya viti yachume mapema yakishakomaa. Parachichi haliivi mtini, kwa hiyo hupotezi kitu, litaivia ndani.