Rangi za Kiangazi: Mhadhara kwa Wanaoanza Kuchora Ukubwani

Mbukwenyi, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nieleze jinsi mtu anavyoweza kushika brashi akiwa amekwisha kustaafu. Mimi kilichonishikisha ni kiangazi cha Dodoma. Watu wengi husema hapa hakuna cha kuchora: mvua huanza Desemba, Aprili zinakatika, halafu ni vumbi na miti mitupu. Basi mchoraji anachora Kilimanjaro na twiga mbele ya jua linalozama, kwa sababu ndizo picha zinazonunuliwa. Mimi nasema rangi nimefundishwa na kiangazi.

Chukueni mbuyu. Ukiupita ndani ya basi utasema ni wa kijivu. Usogelee asubuhi: upande wa jua gome lina wekundu wa shaba, upande wa kivuli lina zambarau. Likichubuka kidogo, chini yake pana utando wa kijani, maana mti huu, hata ukishapukutisha majani yote, bado hutumia mwanga kujitengenezea chakula kupitia gome. Tangu nilipolijua hilo, kila mbuyu naupaka kijani kwanza, kisha kijivu chepesi juu yake. Mvua zinapokaribia huchanua usiku, maua makubwa meupe yananing'inia na popo wanayafuata. Kesho yake yamenyauka, yamekuwa ya kahawia. Anayetaka kuyachora sharti akeshe. Ujanani usiku wangu ulikuwa wa kupumzika ili kesho niwahi kazini. Sasa ni wangu, na ninawaambia wazee wenzangu kwamba hiyo ni mali.

Rangi yenyewe nayo iko hapa hapa. Waliochora kwenye miamba ya Kolo, kule Kondoa, mahali palipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, walipata wekundu wao kutoka kwenye madini yenye chuma. Nami nachota udongo mwekundu, nauchekecha, naukoroga ndani ya ndoo ya maji. Mchanga hutangulia kuzama. Maji yenye rangi nayamimina kwenye chombo kingine yatulie, tope laini lililobaki nalikausha na kulisaga. Kiunganishi ni gundi ya mgunga. Gundi ya migunga ya jamii hiyo ndiyo inayoshika hata rangi za maji za dukani. Picha ya kilima iliyopakwa udongo wa kilima chenyewe hunigusa kuliko nyingine zote.

Hewa yetu kavu inasumbua: rangi hukauka kabla hujaitandaza. Lowesha karatasi pande zote mbili, ilaze kwenye ubao laini, na ufanye kazi kabla ya saa tatu. Kivuli usikipake cheusi. Kwenye udongo mwekundu kitazame vizuri, utaona kina bluu.

Jambo moja linaniuma. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, jiji linapanuka, na mibuyu iliyotutangulia sote inaangushwa ili kiwanja kiwe tambarare. Ramani ya nyumba inaweza kuukwepa mti. Vijana mnaosomea usanifu na mipango miji, nawaomba mtoke mkaichore mibuyu ya viwanja mnavyovipima kabla hamjachora kuta.

Udongo, chekeche na gundi nimeviweka pale mezani. Sogeeni, tusage pamoja, na maswali tutayajibu huku mikono ikifanya kazi.